Chakula Ambacho Junior Hakukila

Mimi ndiye niliyesemwa kwamba niliwalisha sumu watoto wa Dative. Basi acheni nisimulie mwenyewe, maana waliosimulia kabla yangu walitia chumvi mpaka hadithi ikawa haiingii mdomoni.

Jina langu ni Orpha. Natoka Uvira, Kongo, na nimekaa Birmingham muda wa kutosha kuzoea kila kitu isipokuwa mkate wao. Naishi Shard End, mwisho kabisa wa jiji upande wa mashariki, na kinachonijulisha kwa watu ni kupika kwenye sherehe. Akioa Mkongomani, akibatizwa mtoto, akifiwa mtu, simu inalia kwangu. Nina sufuria ambazo mtoto mdogo anaweza kuoga ndani. Sijisifu, nasema lililopo: katika kanisa letu la Hockley hakuna mtu ambaye hajawahi kulamba vidole kwa sombe yangu, yale majani ya muhogo.

Dative nilikutana naye Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mume wake alifia kule, yeye akiwa na mimba ya mtoto wa mwisho, na aliyemshika kiuno siku ya mazishi ili asianguke ni mimi. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la baba yake, lakini sote tukamwita Junior, nami nikawa mama yake wa ubatizo. Kaka yake ni Israël, dada yao mkubwa ni Rosine, na mjomba wao Gaston wanaishi naye nyumba moja Stechford. Dative ananiita yaya, kama dada mkubwa. Mimi sikujaliwa mtoto. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu walilisema pia, kwa namna yao.

Ugonjwa ulianza baada ya harusi moja ya kiangazi. Tulicheza Jumamosi, na Jumatatu Israël akarudishwa kutoka shule, amechoka hata kufungua mlango hawezi. Macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai, na mkojo wake rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Hospitali walimpima malaria, wakampima ini, wakampima selimundu. Hawakuona kitu. Baada ya muda rangi ikarudi, mtoto akaanza kupiga mpira, tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Karibu na Krismasi kukawa na ubatizo. Safari hii waliugua watatu: Israël, Junior, na Gaston mzima mwenye kifua kama mlango. Macho ya njano, mkojo ule ule, mgongo unauma. Dative na Rosine, waliokula meza moja nao, hawakukohoa hata mara moja. Hospitali wakapima upya, hata jambo moja la ndani ya damu ambalo jina lake sikuweza kulitamka, na majibu yakasema kila kitu kiko sawa. Madaktari wakabaki wanatazamana.

Sasa, kwetu tuna kitu kinaitwa karuho. Ni sumu ya polepole, inayotiwa kwenye chakula au kinywaji, na watu wanaiogopa kuliko bunduki kwa sababu bunduki angalau unaisikia. Msicheke. Hata mimi naiogopa. Nimeona watu wakizikwa, na neno hilo likinong'onwa kaburini. Kwa hiyo lilipoanza kunong'onwa Birmingham sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba jina lililofuatia lilikuwa langu.

Mireille ndiye aliyelianzisha, mama mmoja wa kwaya ambaye sauti yake ya kuimba ni nzuri na ya kusengenya ni nzuri zaidi. Aliuliza swali moja tu, kwa upole, huku akikunja kanga yake: "Mbona banaugua banaume tu?" Halafu wengine wakamalizia. Kwamba Orpha hana mtoto. Kwamba Orpha anawaangalia wana wa Dative kwa jicho. Kwamba anapika yeye, anapakua yeye, na ni nani anayejua anachokitia kwenye kila sahani?

Liliniuma. Sitaki kulipamba, liliniuma hadi nikawa silali vizuri. Lakini liliniuma zaidi siku Dative mwenyewe aliponipigia simu.

"Yaya," alisema, "batoto bangu habatakula tena chakula yako. Usikasirike. Miye ni mama."

"Dative, wewe unaamini hayo?"

"Sijue mambo ya kuamini. Najua mambo ya kuogopa."

Nilikata simu. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa mabaya.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika bila mtu kunifokea. Jumapili baada ya ibada huwa tunakula pamoja, pale kanisani kwetu, katika jengo lililokuwa karakana, ambapo upande wa pili wa ukuta mafundi bado wanagonga pete na mikufu siku za kazi. Kila mtu huleta chungu chake. Vyungu vya wengine vilirudi vitupu, changu kilirudi kimejaa. Watu walinisalimu vizuri, wakaniuliza habari za mgongo wangu, halafu wakapita na sahani zao kwenda kwa mwingine. Nilikula sambaza zangu peke yangu wiki nzima, na samaki wadogo wale ukila peke yako wanakwama kooni.

Kisha ikaja harusi ya baada ya Pasaka. Bi harusi alikuwa mkaidi kama mimi, akasisitiza nipike. Dative alikuja kwa sababu ni ndugu wa bwana harusi, asingeweza kukosa. Lakini alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko mna mikebe ya plastiki yenye wali aliopika nyumbani, na chupa za maji za kwao. Aliwakalisha wanawe kona moja, akawalisha kwa mkono wake. Junior alikuwa anatazama sahani za wenzake zikipita na samaki. Mtoto wa miaka sita! Nilipopita na karai alinipungia mkono, mama yake akaushusha mkono ule.

Niliapa moyoni kwamba Dative amekwisha kwangu. Nikatunga na sentensi ya kumwambia siku nitakapopata nafasi, nikawa naisema bafuni, naipunguza hapa, naiongeza pale, iwe kali.

Siku mbili baadaye Gaston akanipigia, anahema. "Yaya, kuya. Junior anatuacha."

Kuapa ni kuapa, lakini mtoto ni mtoto. Nilichukua teksi hadi hospitali.

Nilimkuta kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea, midomo imepauka, macho yamekuwa dhahabu. Mfuko wa damu ulikuwa unaning'inia, unamdondokea mkononi. Gaston alikuwa amekaa kwenye kiti, naye macho ya njano, na Israël ameegemea bega la mjomba wake, hali kadhalika. Rosine alisimama dirishani. Dative aliponiona akasimama.

"Umekuya kuangalia kazi yako?"

"Nimekuja kumwangalia mtoto wangu wa ubatizo," nikamjibu. "Wewe kaa chini kabla hujaanguka."

Akakaa. Nadhani alikuwa amechoka mno kunifukuza.

Ndipo akaingia daktari mpya, mwanamke Mhindi wa makamo, nywele fupi zenye mvi, viatu vya mpira. Alituangalia mmoja mmoja, akasikia tunavyoteta, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Hamjambo? Mimi naitwa Pallavi. Nimezaliwa Kisumu, nimesomea huko, kwa hivyo msinisengenye nikiwa hapa. Ngojeni nitoke kwanza."

Hata Dative alishindwa kuzuia tabasamu. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa jirani. Alisema chembe nyekundu za damu ya Junior zinapasuka, na hizo ndizo zinazotia njano machoni na weusi kwenye mkojo. Kinachozipasua ndicho asichokijua. Lazima kuna kitu kimemwingia mwilini.

"Alikula nini kwenye hiyo harusi?"

"Hakukula kitu," Dative akasema. "Hata mayi ya pale hakunywa. Nilibeba chakula yangu."

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Mbele ya daktari. Sema tena kwamba mtoto hakula chakula changu."

Nilimwona anaelewa. Halafu, kwa sababu hofu haikubali kushindwa mara moja, akasema: "Basi ulimushika mukono."

"Hukuniruhusu hata kumshika mkono!"

"Mum, please," Rosine akasema kutoka dirishani. "It's not the food."

Daktari Pallavi aliinua kiganja, akatutuliza wote. Hakuuliza habari za sumu. Aliuliza ni nani mwingine aliyewahi kuugua, akaonyeshwa Israël na Gaston. "Na huyu Gaston, ni ndugu wa marehemu mume wako, ama ni wako?"

"Ni wangu. Mama moja, baba moja."

"Sawa," akasema, na nikaona kitu kimemkaa kichwani, lakini hakukitoa. "Sasa mama, achana na chakula kabisa. Nieleze siku ya sherehe kwenu nyumbani. Tangu kuamka. Mnafanya nini ambacho hamfanyi siku zingine?"

Dative akaeleza, kwanza kwa kusitasita. Kuamka, kuomba, kuoga. Halafu anawapaka watoto mafuta, mengi, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, maana mtoto wa Kikongomani hawezi kwenda mbele za watu ngozi imepauka. Halafu anafungua sanduku. Humo ndimo mna nguo za sikukuu: mume wake, kabla hajafa, alinunua jora zima la kitambaa cha kijani chenye ndege, ili familia yote ivae sare siku watakapotoka kambini. Hakuiona siku hiyo. Dative alishona mashati ya wanawe na ya Gaston, akashona gauni lake na la Rosine. Hayavaliwi ila kwenye sherehe. Junior analipenda shati lake kupita kiasi, kwa sababu ameambiwa ni kitambaa cha baba.

"Tangu ile Jumamosi amekatala kulivua," Dative akasema. "Amelala nalo. Nikamwacha."

"Liko wapi sasa?"

Lilikuwa chini ya kitanda, kwenye mfuko ambamo wauguzi waliweka vitu vyake. Daktari aliufungua. Hakuhitaji hata kulitoa shati. Aliinamisha pua, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho.

"Sanduku la nyanya yangu," akasema. "Mama, unaweka naftalini?"

Naftalini! Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Dative akashangaa kuulizwa. Bila shaka anaweka. Wadudu wa kambini waliwahi kumtafunia gauni la harusi yake, na kitambaa hiki hakiwezi kununuliwa tena popote. Huletewa pakiti na mtu yeyote anayetoka Bujumbura, na huvimimina kwa kiganja, kila mfuko wa kila shati, kila kola. Siku ya sherehe anavikung'uta, anawavalisha.

Na sisi sote tunafanya hivyo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuisikia harufu ile! Ukumbi mzima wa harusi zetu unanukia hivyo. Kwangu mimi ile ndiyo harufu ya sikukuu, hata kabla sufuria haijafunuliwa. Ungeniuliza Junior alinukiaje siku ile ningekwambia alinukia vizuri.

Daktari alifunga mfuko kwa fundo, akaukabidhi uwekwe nje, kisha akatueleza polepole. Kuna watu ambao chembe zao nyekundu zimezaliwa na upungufu fulani. Siku zote ni wazima kabisa. Lakini wakikutana na vitu fulani, dawa kadhaa, aina moja ya maharagwe makubwa ya kijani, au naftalini, chembe zinapasuka. Mvuke unaingia kwa pua na kwa ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta inauvuta zaidi. Tena Junior ndiye mdogo, na ndiye aliyelala nalo.

"Lakini balipima ile mambo ya damu," Gaston akasema. "Bakasema hakuna."

"Walipima mkiwa wagonjwa," daktari akajibu. "Wakati huo chembe dhaifu zimeshakufa, zilizobaki ni changa na zina nguvu. Kipimo kinadanganyika. Tutarudia damu ikishatulia, na hapo ndipo nitakuwa na hakika. Kwa sasa lile sanduku lisifunguliwe na mtu wa nyumba hii."

Junior aliongezewa damu, na taratibu midomo ikarudi kuwa midomo. Niliketi pembeni mwa kitanda mpaka alipoomba juisi. Dative na mimi hatukuzungumza. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumpa nafasi ya kuniomba. Nilikuwa bado nina ile sentensi yangu.

Wiki zikapita. Sanduku lilihamia kwangu Shard End, maana mimi damu yangu haijali, nikafua kila shati mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka na kuyaanika uani hadi majirani wakadhani nimefungua duka. Kanisani chungu changu kiliendelea kurudi kimejaa. Kuambiwa hospitali kwamba huna hatia ni jambo moja, kanisa kujua ni jambo jingine.

Kiangazi kilipofika wakarudia kipimo, na siku ya majibu Junior akadai niwepo. Tukakaa mbele ya daktari Pallavi. Israël, Junior, Gaston: wote watatu wana upungufu ule. Ndio uliokuwa ukiwatesa tangu mwanzo. Daktari akasema wataishi maisha yao yote bila shida, mradi wajue vitu vya kuepuka.

"Inatoka wapi?" Dative akauliza.

Daktari alimwangalia kwa upole. "Inapita kwa mama, kwenda kwa wana wa kiume. Mama mwenyewe mara nyingi haugui. Wewe uliipata kwa mama yako, na ndiyo maana Gaston pia anayo."

Dative hakulia. Alitazama mikono yake, halafu akanigeukia mimi, si daktari. Nilijua anangoja nini. Miezi yote alikuwa anamtafuta aliyewatia wanawe sumu, na sasa ameambiwa njia imepita mwilini mwake. Ile sentensi yangu ya bafuni isingepata siku nzuri kuliko hii, tena ningeifupisha iwe maneno mawili tu: Ni wewe. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

Nikaona jinsi shingo yake ilivyokonda.

"Uliza hayo maharagwe yanaitwaje," nikamwambia, "nisije nikayapika."

Daktari alikohoa kidogo, nadhani alielewa zaidi ya alivyoonyesha. Akaongeza kwamba inasemekana watu wenye damu ya namna hii malaria kali huwashinda kwa shida, ndiyo maana iko kwa wengi wetu. "Huenda imewahi kuwasaidia huko mlikotoka," akasema. Mimi nikamkumbuka Israël mchanga kambini, homa imempanda, na watoto wa mahema ya jirani wakizikwa. Dative akashika mdomo. Alikuwa amekumbuka pia.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita mbele niseme kilichotokea. Nikasema. Nikaeleza naftalini, nikaeleza mafuta na shati, nikawaambia akina mama warudi nyumbani wakafungue madirisha. Wengi waliguna, wengine wakanusa mikono yao wenyewe. Nikadhani yamekwisha.

Mireille akainua mkono. "Tunashukuru, mama Orpha. Lakini naftalini ni ya bote. Bana betu pia banavaa. Mbona banaugua bale tu? Na mbona banaume tu?"

Swali lilikuwa zuri, sina budi kukiri. Na jibu nilikuwa nalo lote mdomoni. Nilijua pia litakavyoishi humo kanisani: wakwe wa Dative wako safu ya tatu, na Rosine atakuja kuchumbiwa siku moja. Ningewapa jina la Dative, wangenirudishia langu likiwa safi papo hapo.

"Hilo muulizeni daktari," nikasema.

Minong'ono ikaanza. Niliisikia ikipita kutoka kiti hadi kiti, na niliona macho yakirudi kuwa yale ya Krismasi. Nikashika meza, nikajiambia basi, nitapika nyumbani kwangu nile mwenyewe mpaka nife.

Kiti kikakwaruza. Dative alikuwa amesimama.

"Ni damu yangu," akasema. "Banaume ju ya ile damu inapitia kwa mama inaenda kwa bana banaume. Ni kwangu ilitoka. Orpha alikuwa pale, alisikia yote. Angalisema ile siku, na angalisema sasa hivi. Ananificha, na miye ndiye nilimuitaka mulozi."

Mchungaji alitafuta neno la Biblia, akalikosa. Nami nilitaka kumwambia Dative akae.

Ibada ilipoisha watu walizubaa mezani kama wageni, kila mmoja anangoja mwenzake. Dative alikuja kwangu moja kwa moja, Junior kamshika mkono, sahani mkononi mwingine. Nikapakua bugali, nikapakua sambaza. Mtoto hakungoja hata kuketi. Akatia kidole, akala, mbele ya watu wote.

"Yaya, ongeza," Dative akasema, machozi yakimtiririka. "Huyu mutoto iko na njaa tangu ile harusi."

Nikaongeza.